Kucheza Polisi siyo kuwa polisi

BALENI, MAFIA. JUA likianza kuilalia minazi, uwanja wa mpira wa kijijini hauhitaji filimbi ya kuita watu. Mmoja anatoka shamba, mwingine anatoka pwani na harufu ya samaki haijamtoka, wa tatu anashushwa na bodaboda huku viatu vya kuazima vikining'inia shingoni. Nusu saa baadaye vumbi linatimka na kelele zinasikika hadi barabara iendayo Kirongwe.

Mechi ikiisha, stori huanza. Si chini ya mnazi, maana mtu wa Mafia hakai chini ya mnazi wenye nazi. Ni pembeni, kwenye kibaraza. Simba na Yanga ndizo zinazofungua mjadala. Baadaye mjadala unahamia kwenye maisha, na hapo ndipo neno "Polisi" linapoingia.

Hesabu ya vijana wengi ni nyepesi. Piga mpira, uonekane. Ukionekana, utachukuliwa na timu ya maafande. Ukichukuliwa, utavaa gwanda. Ukishavaa gwanda, umetoboa: mshahara kila mwezi, bima ya afya, pensheni, na mama nyumbani anapumzika kuparura nazi za watu.

Ni hesabu tamu, ila ina kona moja mbovu. Kuchezea timu ya Polisi ni jambo moja, kuwa askari polisi ni jambo jingine kabisa. Kijana asiyezitofautisha anaweza kufika miaka 26 na jezi nzuri kabatini, huku mlango wa ajira umeshafungwa.

SOMO LA NCHIMBI
Mashabiki wa Yanga hawajaisahau Oktoba 3, 2019. Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, Polisi Tanzania iliyokuwa imepanda Ligi Kuu msimu huohuo iliwabana Wanajangwani kwa sare ya mabao 3-3. Mabao yote matatu ya Polisi yalifungwa na mtu mmoja, Ditram Nchimbi.

Siku ile, kwa shabiki wa kawaida, Nchimbi alikuwa "yule afande aliyeitesa Yanga". Lakini alikuwa mchezaji wa mkopo kutoka Azam FC. Dirisha dogo lilipofika, akatua Yanga, klabu ileile aliyoifunga. Mwaka 2020 beki Kelvin Yondani, aliyejenga jina lake Yanga na Taifa Stars, naye akaenda kuvaa jezi ya Polisi Tanzania.

Mchezaji wa aina hiyo haulizwi urefu wala daraja la kidato cha nne. Anaulizwa kiwango chake, wanazungumza dau, anasaini. Mkataba ukiisha, anaaga.

Ndani ya timu hizi za maafande kuna watu wa aina mbili wanaovaa jezi moja. Kuna askari mwajiriwa, aliyepita depo na mwenye namba ya jeshi, ambaye anacheza kwa sababu ana kipaji. Na kuna raia wa mkataba, ambaye yupo kwa sababu timu inamhitaji msimu huu. Mkiwa jukwaani hamuwezi kuwatofautisha. Tofauti yao huonekana siku mambo yakiharibika.

Na yaliharibika. Mwisho wa msimu wa 2022/23, Polisi Tanzania iliyokuwa ikitumia Uwanja wa Ushirika, Moshi, ilishuka daraja. Iliambatana na Ruvu Shooting, timu ya maafande ya Mlandizi mkoani Pwani, mkoa uleule ambao Mafia imo. Timu ikishuka, mchezaji wa mkataba anaanza kupiga simu kutafuta klabu. Askari mwajiriwa hana haja ya kupiga simu. Jumatatu asubuhi anaripoti kazini, ligi iwepo au isiwepo.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo kijana wa Baleni anatakiwa aijue kabla hajaamua ndoto yake ni ipi. Kama anataka mpira, aufuate mpira. Kama anataka upolisi, kuna njia yake, na njia hiyo haianzii uwanjani.

MASHARTI HAYANA PENALTI
Jeshi la Polisi huajiri kwa tangazo. Tangazo likitoka, ndani yake kuna masharti, na masharti yanaweza kubadilika kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo la kwanza ni kusoma tangazo lenyewe, siyo kusimuliwa na jamaa aliyesimuliwa na shemeji yake wa Kilindoni.

Hata hivyo, kwenye matangazo ya miaka ya karibuni yapo mambo yanayojirudia. Mwombaji awe Mtanzania wa kuzaliwa. Awe amemaliza kidato cha nne au cha sita na kufaulu kwa kiwango kilichotajwa. Mwenye elimu hiyo awe na umri wa miaka 18 hadi 25, wakati wenye fani na elimu ya juu, kama stashahada na shahada, huongezewa hadi miaka 30. Mwanaume awe na urefu usiopungua futi 5 na inchi 8, mwanamke futi 5 na inchi 4. Awe na afya njema, hana rekodi ya uhalifu, hajawahi kutumia dawa za kulevya, hana michoro mwilini. Awe hajaoa au hajaolewa, na hana mtoto. Awe na cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA. Na awe tayari kufanya kazi popote Tanzania.

Sasa chukua kikosi cha kufikirika, sura ambazo hazikosekani kwenye uwanja wowote wa kijijini, uone masharti hayo yanavyofanya kazi.

Kuna winga wa kulia. Ana mbio, ana chenga, cheti chake cha kidato cha nne ni kizuri. Ila ana futi 5 na inchi 6. Hapo safari imeishia kwenye rula. Asijisikie vibaya sana, kwani Lionel Messi ana sentimita 170 na Diego Maradona alikuwa na 165, wakati futi 5 na inchi 8 ni kama sentimita 173. Mabingwa wote wawili wa dunia wangerudishwa nyumbani siku ya kwanza ya usaili. Mpira hauna kipimo cha urefu, Polisi wanacho.

Kuna beki wa kati. Futi sita kasoro kidogo, kichwa chake kinafika kila kona. Ila kidato cha nne alipata sifuri, maana mwaka ule wa mtihani alikuwa bize na ligi ya mchangani. Huyu bado ana nafasi kama umri unaruhusu: kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, wengi wanaita kuriseti. Ila aangalie kalenda, kwa sababu tangazo huweza pia kutaja miaka ya kuhitimu inayokubalika.

Kuna kipa. Urefu upo, cheti kipo, afya ipo. Ana miaka 22 na mtoto wa mwaka mmoja. Kwa sharti la kutokuwa na mtoto, naye yuko nje. Hakuna VAR ya kurudia tukio hilo.

Halafu kuna kiungo fundi, aliyechorwa mkononi namba ya jezi ya nyota anayemhusudu wa Ulaya. Mchoro ule ulimgharimu jioni moja tu, na sasa unaweza kumgharimu kazi ya miaka 30.

Wanne hao wote wanaweza kuwa wachezaji bora wa wilaya. Kipaji kinaweza kumfanya mtu aonekane, na kikamsaidia sana akishaingia, lakini hakifuti sharti lililoandikwa kwenye tangazo.

UMRI WA MPIRA UNAPOUMBUA
Hapa ndipo wanamichezo wengi wanapoanguka bila kujua wameanguka lini.

Kwenye soka letu kila mtu anajua maana ya "umri wa mpira". Kijana wa miaka 20 anapunguziwa hadi 16 ili acheze mashindano ya vijana. Kiongozi anafurahi, timu inachukua kombe, kila mtu anacheka. Lakini karatasi haichoki kutunza siri. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha shule kinasema vile, NIDA inasema vingine. Siku ya kuomba kazi ya polisi, kazi ambayo kimsingi ni ya kukagua ukweli wa watu, zile tarehe tatu zinawekwa mezani pamoja.

Majina nayo ni tatizo sugu la Pwani. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Ali, cha shule Ally, NIDA wameandika Aly. Baba kwenye cheti kimoja ni Hamisi, kingine Khamis. Nyumbani ni mtu yuleyule. Kwenye mfumo ni watu watatu.

Kurekebisha kunawezekana, lakini si kazi ya siku moja. Cheti cha kuzaliwa ni suala la RITA, na wilayani huduma yake ipo. Namba ya utambulisho ni NIDA. Cheti cha kidato cha nne ni NECTA. Kila ofisi ina utaratibu wake na foleni yake. Kijana anayesubiri tangazo litoke ndipo aanze kuhangaika na herufi moja ya jina lake, tangazo litafungwa akiwa bado yuko kwenye benchi la ofisi.

Kocha wa kijijini mwenye akili huwa na daftari la mahudhurio. Aongeze ukurasa mmoja: nani ana cheti cha kuzaliwa, nani ana NIDA, nani majina yake hayalingani. Na kama hataki kusumbuka na futi, achukue tepu, apime sentimita 173 kwenye nguzo ya goli, aweke alama ya chaki. Nyingine aiweke sentimita 163 kwa ajili ya mabinti. Ndani ya dakika tano kila mmoja atajua kama ndoto hiyo ni yake au atafute nyingine mapema.

BAHARI IPO KATIKATI
Maombi ya miaka hii hufanyika mtandaoni, kupitia mfumo wa ajira wa Jeshi la Polisi, ajira.tpf.go.tz. Mwombaji anafungua akaunti kwa namba yake ya NIDA, anajaza taarifa, anapandisha vyeti vyake na barua ya maombi, ambayo mara nyingi hutakiwa iandikwe kwa mkono. Asiye na simu nzuri atapanda bodaboda hadi Kilindoni, makao makuu ya wilaya, atafute steshenari yenye skana na intaneti.

Hapo kuna kosa dogo linaloua ndoto kubwa. Kijana anamwachia mtu wa steshenari kila kitu: barua pepe si yake, nenosiri halijui, namba ya simu iliyojazwa ni ya mjomba ambaye yuko baharini wiki nzima. Akiitwa kwenye usaili, simu inaita Jibondo huku mwenye bahati yuko Baleni anacheza mechi ya kirafiki. Akaunti iwe yako, namba iwe yako, na nenosiri liandikwe mahali.

Jina likitoka, ndipo jiografia inapoanza kudai chake. Usaili ukiwa bara, mwombaji hujigharamia mwenyewe. Kwa kijana wa Kibaha ni nauli ya daladala. Kwa kijana wa Baleni ni kwanza kufika Kilindoni, kisha kivuko au boti hadi Nyamisati wilayani Kibiti, kisha gari hadi anakotakiwa, kisha kulala na kula kwa siku zisizojulikana. Ndege ipo, kutoka Mafia hadi Dar es Salaam ni kama nusu saa tu angani, lakini nauli yake si ya mtu anayetafuta ajira.

Na bahari haina ratiba ya usaili. Kipindi cha kusi, maji yakichafuka, safari zinaweza kuahirishwa. Aliyepanga kuvuka siku moja kabla ya usaili anaweza kuutazama usaili huo kupitia picha za wenzake kwenye WhatsApp. Watu wa visiwani wanalijua hili kuliko mtu yeyote: anayevuka kwa shughuli ya muhimu anatangulia siku mbili tatu, na anakuwa na ndugu wa kumpokea upande wa pili.

Kwenye usaili wenyewe ndipo mwanasoka anapata afueni. Hukaguliwa vyeti halisi, hupimwa urefu na afya, na kuna mbio. Kijana anayecheza dakika 90 juani mara tatu kwa wiki hawezi kuziogopa mbio hizo. Mguu wa mpira unamsaidia hapo, baada ya karatasi kukamilika.

"YA SODA" NDIYO MTEGO
Msimu wa ajira ukifika, matapeli nao hufungua dirisha lao la usajili. Simu inaingia: kuna nafasi mbili zimebaki, mkubwa yuko tayari, itumwe hela kidogo ya soda. Kwa wachezaji kuna toleo lake maalumu: kocha wa timu ya maafande amekuona, anakutaka, tuma hela ya fomu na vipimo.

Kwa familia ya Baleni hela hiyo si kidogo. Ni mbuzi aliyekuwa anasubiri sikukuu. Ni nazi za misimu miwili zilizouzwa bei ya hasara. Ni deni kwa mwenye duka. Na ikishatumwa, simu haipatikani tena.

Ukweli ni mfupi: kuomba ajira ya polisi hakulipiwi. Anayedai hela ili akupitishe ama ni tapeli, ama anaomba rushwa, na yote mawili ni makosa ya jinai. TAKUKURU wana namba 113 ya bure kwa ajili hiyo. Ni vigumu kumwelewa mtu anayetaka kuwa mlinzi wa sheria halafu hatua yake ya kwanza iwe kuivunja.

Kuna pia wale wanaochanganya Jeshi la Kujenga Taifa na ajira. JKT, lililoanzishwa Julai 10, 1963, hutangaza nafasi za vijana wa kujitolea kupitia mikoa na wilaya. Ni malezi, nidhamu na stadi za kazi, na vyombo vya ulinzi vimekuwa vikichukua baadhi ya vijana kutoka huko. Lakini JKT lenyewe limerudia mara nyingi kwamba kujiunga si ahadi ya ajira. Anayekwenda aende akijua hivyo.

KUTOKA KAIMATI HADI BARIDI YA MOSHI
Aliyefuzu hupelekwa Shule ya Polisi Tanzania, Moshi, ambako wengi wanapaita CCP. Kwa mtoto aliyezoea upepo wa bahari na kaimati za jioni, baridi ya alfajiri chini ya Kilimanjaro ni mechi ya ugenini kweli kweli.

Ni miezi ya kukimbia, gwaride, silaha na kujihami. Ila wengi hushangazwa na darasa: sheria ya jinai, mwenendo wa makosa ya jinai, ushahidi, namna ya kumkamata mtu bila kuvunja haki zake, namna ya kuandika maelezo yatakayosimama mahakamani. Ndiyo maana cheti cha kidato cha nne kinaulizwa. Askari asiyejua kuandika maelezo anaweza kumkamata mwizi wa kweli halafu mwizi huyo akatoka mahakamani anacheka.

Anayehitimu anatoka akiwa Konstebo, cheo cha chini kabisa, chini ya Koplo na Sajenti. Hata kama mtaani alikuwa anaitwa "Profesa wa dimba", kule anaanza moja. Na anapangiwa kituo popote. Mtoto wa Baleni anaweza kujikuta Kigoma, Mara au Songwe, akisikia habari za mechi za kijijini kwao kwenye simu tu.

Hapo ndipo mpira unaporudi kwa mlango wa mbele. Majeshi yetu yana michezo yao chini ya Baraza la Michezo la Majeshi Tanzania, BAMMATA, ambako Polisi hukutana na JWTZ, JKT, Magereza na wengine. Majeshi ya polisi ya ukanda huu nayo yana mashindano yao, michezo ya EAPCCO, iliyofanyika Kigali mwaka 2023. Askari mwenye kipaji anaonekana huko akiwa tayari ameajiriwa. Timu ikipanda, anafurahi. Timu ikishuka, bado anakula.

WENZETU WAMEFANYAJE
Hakuna anayesema gwanda na kombe haviendi pamoja. Vinaenda, tena vizuri. Kenya Police ilitwaa ubingwa wake wa kwanza wa Ligi Kuu ya Kenya msimu wa 2024/25, ikiwa chini ya Etienne Ndayiragije, kocha yuleyule aliyewahi kuinoa Taifa Stars. Polisi ya Uganda ilikuja Dar es Salaam mwaka 2006 ikabeba Kombe la Kagame mbele ya macho yetu.

Hapa nyumbani, msimu wa 2024/25 Ligi Kuu ilikuwa na Tanzania Prisons, JKT Tanzania na Mashujaa ya Kigoma, zote za maafande. Visiwani Zanzibar, KMKM, JKU, Mafunzo na Zimamoto ni majina ya kila siku. Na nje ya soka, Sajenti wa JWTZ, Alphonce Simbu, alitwaa dhahabu ya marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo, Septemba 2025.

Mabinti nao wasibaki wanashangilia pembeni. JKT Queens ilibeba ubingwa wa CECAFA mwaka 2023 na kwenda Ivory Coast kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake. Mwaka uliofuata Kenya Police Bullets wakaubeba ubingwa huohuo wa ukanda. Binti wa Baleni mwenye futi 5 na inchi 4, cheti safi na mguu wa kushoto unaojua kazi, ana njia mbili mbele yake. Wazee wanaomzuia asicheze mpira kwa sababu ya maneno ya watu wajue huenda wanazuia ajira.

ASKARI HUANGALIA JUKWAA
Kabla hujaanza kutafuta skana Kilindoni, kuna swali moja la kujiuliza, na jibu lake halipo kwenye tangazo.

Siku ya dabi ya Kariakoo pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, tazama vizuri askari waliopangwa kuzunguka uwanja. Sehemu kubwa yao wameupa mpira mgongo. Nyuma yao kuna mechi ambayo nchi nzima imesimama kuitazama, wao wanatazama jukwaa: nani anarusha chupa, nani amezimia, mtoto gani anabanwa kwenye uzio. Bao likiingia, watu maelfu wanaruka. Askari haruki. Anajua bao limeingia kwa sababu ya nyuso za watu waliosimama mbele yake.

Katiba inamkataza askari kujiunga na chama cha siasa. Simba na Yanga haijamkataza, na huenda moyoni ana timu yake tangu utotoni. Lakini akiwa kazini, timu yake ni watu wote waliopo pale, hata wale wa upande wa pili.

Upolisi ndio huo. Siyo jezi, siyo mechi ya bure, siyo gwanda la kupigia picha na kumtumia mtu. Anayeweza kusikia kelele ya bao nyuma yake na asigeuke, kwa sababu mbele yake kuna mtoto anayebanwa, huyo aanze kukusanya vyeti vyake leo. Tangazo halitoi taarifa mapema, na miaka 25 haina dakika za nyongeza.

Asiyeweza, si dhambi. Uwanja wa Baleni upo, kesho jioni watu watakusanyika tena.